Mawese Mikononi

Dada yangu aliolewa Kingi, juu milimani Masisi, na huko ndiko alikofia. Habari ilipotufikia kwetu Mpofi, chini msituni, walikuwa wamekwisha kumzika. Kwa desturi, ndugu anayechelewa hutupa udongo wake juu ya kaburi. Mama hakuweza tena kutembea, akanituma nitupe na wa kwake. Alinipa kibuyu cha mafuta ya mawese. "Ujipake mikono na uso. Baridi ya kule inapasua ngozi."

Nililala njiani. Kesho yake kulikucha nikiwa milimani na baiskeli ya mjomba, ukungu umefunika njia. Kupanda nilisukuma, nikapata joto. Kuteremka ndiko kulikonimaliza: upepo uliingia kifuani, vidole vikakataa kukaza freni za kusimamisha baiskeli. Nikajaza majani makavu ya migomba ndani ya shati, nikajipaka mawese mpaka viwiko.

Wanawake waliokuwa wakienda shamba walisikia majani yakilia.

"Papa, unabeba ndizi ao wewe njo ndizi?" mmoja akauliza, yaani mimi mwenyewe ndiye ndizi.

Nilicheka nao. Nilicheka, naenda kumlilia dada.

Nyumbani kwake waliofiwa walikuwa wameketi chini, ngozi zao kavu, nyeupe kwa vumbi. Kwenye matanga mtu hajipaki mafuta mpaka siku ya kuoga, msiba unapokwisha. Hata kwetu msituni ni hivyo, na nilijua. Lakini njiani mawese yalikuwa dawa ya baridi tu. Mama naye, kwa uchungu wake, hakukumbuka.

Shangazi wa shemeji alitazama uso wangu uking'aa. "Huyu anatoka arusi?"

"Huyu njo ndugu yake," shemeji akajibu, bila kuniangalia. Akanisogezea majivu na maji, ninawe. Maji yalikuwa ya baridi, na mawese yalikuwa yameganda kama nta kwenye mikunjo ya vidole. Nilisugua. Hayakutoka.

Kaburini niliokota udongo, nikafungua mkono. Haukuanguka. Ulinata kiganjani, na watu wote wamesimama wakingoja. Ikabidi niukwangue kwa kucha, kidogo kidogo, wangu kwanza, kisha wa mama. Kila nilipoinama, majani ya migomba yalilia ndani ya shati, na hakuna aliyecheka.