Risasi za mzee na sindano yangu

Jamani, leo mshona nguo wa Yeoville amemfundisha mlenga shabaha kupima risasi!

Nilimpelekea mteja wangu koti lake kule mtaa wa Observatory. Mzee huyu hushindana kulenga shabaha, na risasi zake huzijaza baruti mwenyewe. Nikamkuta anazizungusha moja moja kwenye kipimo chenye mshale, maana risasi ikipinda kidogo tu, haiendi anapolenga.

"Zote zimenyooka, mama," akajisifu.

Sasa sisi washonaji, sindano tunaiviringisha juu ya kioo; ncha ikicheza, imepinda. Nikamwambia, "Mzee, naomba moja."

Nikaiviringisha kwenye meza yake ya kioo.

Ncha ikacheza kiuno!

"Eish!" Akarudi mbio kwenye kipimo. Kumbe alikuwa anapima kwenye ganda, si karibu na ncha! Akapima upya. Saba zimepinda, na mashindano ni kesho!

Akanipa mkono kama bingwa.

Nimerudi dukani kwa maringo, nikakaa kwenye cherehani, uzi ukakatika. Wiki nzima nautukana uzi huu.

Nikachomoa sindano, nikaiviringisha kwenye kioo.

Imecheza kuliko risasi zote za mzee.

Haya, chekeni.