Redio na Mionzi ya Mara ya Pili

Kinyozi mmoja watu walimwita Redio kwa sababu ya mdomo wake. Chumba chake cha kazi kilikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kikubwa chenye ufa kwenye kona, na benchi ambalo watu walikaa hata kama hawakuja kunyoa. Walikuja kumsikiliza. Redio hakuwa na breki. Angeanza na habari za mpira, apitie ugomvi wa majirani, atokee kwenye safari ya bibi yake aliyepanda basi lisilo lake, na mteja angeinuka kitini amenyolewa vizuri huku akijifuta machozi ya kucheka.

Alipofika miaka hamsini na moja sauti ikaanza kukwaruza. Mkewe, mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, alimwambia apunguze kelele. Watani wake wa benchini wakasema betri zimeisha. Zilipopita wiki tisa, na chai ikawa inamchoma kila anapomeza, akakubali kwenda hospitali. Ilikuwa saratani ya koo.

Akapigwa mionzi mara thelathini na tano. Shingo ilibabuka, mate yakakauka, lakini akapona. Sauti ilirudi nzito, ya kukwamakwama, na watu wakazidi kuipenda. Toka hapo hakutembea bila chupa ya maji. Kila baada ya sentensi mbili alipiga funda, kisha akaendelea na hadithi. Akaishi hivyo miaka minne na nusu.

Uvimbe wa pili aliugundua mwenyewe, wembe mkononi, akijinyoa mbele ya kioo chake. Ulikuwa chini ya sikio la kushoto, mgumu, hausogei. Siku tatu hakumwambia mtu. Siku ya nne mkewe akamuuliza, "Mume wangu, mbona umenyamaza? Unaumwa?" Mle ndani ya nyumba, Redio kukaa kimya ilikuwa dalili mbaya kuliko homa.

Daktari wa mionzi alikuwa mwanamke wa makamo, asiyependa kuzunguka maneno. Aliwakalisha wote wawili, akawaeleza kwamba ugonjwa umerudi, tena umeukumbatia mshipa mkubwa wa damu wa shingoni. Madaktari wa upasuaji walikuwa wameiangalia picha ya shingo yake na kukataa kumpasua.

"Kwa hiyo imebaki nini?" Redio akauliza.

"Imebaki mionzi tena, mzee wangu. Ila shingo yako haijasahau ile ya kwanza. Mara hii unaweza kushindwa kumeza kabisa. Sauti unaweza kuipoteza. Taya linaweza kukaza. Na huu mshipa unaweza kupasuka siku moja. Sikufichi."

"Inaponya wangapi?" mkewe akauliza.

"Kati ya kumi kama yeye, baada ya miaka miwili huwa tunao wawili, pengine watatu."

"Na tusipofanya?"

"Miezi, mwalimu. Michache."

Nyumbani waligombana kwenye meza ya chakula, na haikuwa kawaida yao.

"Mimi sitaki," mkewe alisema. "Ile ya kwanza nilikuona ukilia kwa sababu ya kijiko cha uji."

"Nililia, nikanyamaza, nikapata miaka minne."

"Na wakikuulia kule?"

"Nitakuwa nimekufa nikijaribu. Nikikaa hapa nitakufa nikikuangalia unasahihisha madaftari."

Mwalimu akacheka bila kutaka, kisha akafunika uso kwa daftari la mtoto wa watu na kulia. Redio akanyoosha mkono, akamshika kiganja, wakakaa hivyo mpaka chakula kikapoa. Hakuna aliyesema amekubali. Jumatatu wakaenda.

Kwanza alitengenezewa kinyago. Fundi wa mionzi alilainisha bamba la plastiki lenye matundu kwenye maji ya moto, akamfunika nalo uso na mabega, likanywea mpaka kwenye kope. Lilipopoa na kuwa gumu likabanwa kwenye kitanda kwa vibanio, kichwa kisitikisike. Ndani yake mtu aliweza kupumua, lakini hakuweza kufungua mdomo. Redio alisema baadaye kwamba mionzi yenyewe haikumuuma. Kilichomtesa ni zile dakika za kulala pale amefungwa domo, na maneno yote yanamjaa kifuani.

"Ndevu na nywele zibaki hivihivi wiki zote sita," fundi alimwambia. "Zikiota sana, kinyago hakitakaa sawa."

"Hilo umemwambia mwenyewe," Redio akajibu.

Katika wiki ya pili, kwenye korido ya kusubiria, alikutana na dereva wa lori aliyekuja kwa saratani ya mdomo. Alikuwa na ndevu mpaka kifuani. Alikuwa ameambiwa azitoe ndipo apimwe kinyago, naye alikuwa amekataa mara mbili.

"Ndevu hizi zina miaka thelathini," dereva alisema. "Mke wangu hajawahi kukiona kidevu changu."

"Labda ndiyo maana bado yupo," Redio akamwambia.

Korido nzima ikacheka, na dereva naye akacheka mpaka akashika shavu kwa maumivu. Akakubali kunyolewa, ila na Redio tu. Kesho yake Redio alikuja na mkasi, nyembe mpya na shuka lake la kazi. Akamkalisha dereva karibu na sinki mwishoni mwa korido, akaanza kukata polepole. Aliona yule mtu akizifuata kwa macho ndevu zinazoanguka. Basi akafanya kama alivyofanya siku zote: akaanzisha hadithi. Ilikuwa ya bwana harusi aliyenyolewa nyusi kwa bahati mbaya asubuhi ya ndoa yake.

Alipofika katikati, sauti ikakatika. Alikunywa maji, akakohoa, akajaribu tena. Ikatoka pumzi tu. Waliokuwa wakisubiri wakaangalia viatu vyao.

Dereva akageuza macho kumtazama. "Endelea tu, kaka," akasema. "Mimi nasikia."

Redio akaendelea. Midomo ilisema, mikono ikaonyesha jinsi bwana harusi alivyojichora nyusi kwa kalamu ya bibi harusi, na wembe ukipumzika begani kwa dereva kila mikono ilipokuwa na kazi. Alipomaliza, kidevu cha dereva, cheupe kwa kukosa jua, kilikuwa kimelowa, na hayakuwa maji ya sinki. Tangu siku hiyo Redio hakutoa sauti tena.

Wiki ya nne alishindwa kumeza, akawekewa mpira wa kulishia tumboni. Mkewe alisaga vidonge, akamimina maziwa taratibu kwenye mpira, na kumsomea majibu ya ajabu ya wanafunzi wake. Mmoja alikuwa ameandika kwamba nusu ya nane ni sifuri mbili, ukiikata kwa mlalo. Redio alicheka kwa mabega.

Alimaliza mionzi yote thelathini. Baada ya miezi mitatu, picha ilionyesha uvimbe umesinyaa sana, na daktari yule asiyezunguka maneno alitabasamu. Lakini mdomo ulikuwa umekaza, unafunguka upana wa kidole kimoja, na mpira haukuondoka.

Akarudi kazini na ubao mdogo wa kuandikia. Wateja walikuja wengi mwanzoni. Wakaketi, wakanyolewa, wakasifia kazi kupita kiasi, wakaondoka haraka. Benchi likaanza kupungua watu. Hawakuwa wabaya, kile kimya kiliwashinda. Jioni moja alimwandikia mkewe: "Wanakuja kama wanaoniaga." Mwalimu alisoma, akamrudishia ubao.

Alipata miezi kumi. Kisha uvimbe ukaanza upya upande uleule, na safari hii daktari alizungumzia dawa za maumivu tu. Kwenye benchi la nje ya hospitali mkewe akamuuliza, "Ungejua itakuwa hivi, ungekubali?"

Aliandika, akafuta, akaandika tena: "Sijui. Wewe?"

"Mimi ningekataa," mkewe akasema. "Halafu ningejuta."

Redio akaitikia kwa kichwa, akamwegemea.

Muuguzi aliwafundisha waweke vitambaa vya rangi nyeusi karibu na kitanda, ili mshipa ukipasuka wasitishwe na wekundu wa damu, na akawaachia dawa ya kumtuliza. Ilitokea Alhamisi, saa nane mchana. Mkewe alimpa dawa kama alivyofundishwa, akapanda kitandani, akamkumbatia kwa nyuma na kubana vitambaa shingoni. Aliongea naye muda wote, chochote kilichomjia, mpaka alipohisi mwili umekuwa mzito mikononi.

Vitambaa alivifua mwenyewe, akawakatalia majirani waliotaka kumsaidia. Kisha akampigia daktari simu.

"Ameondoka," akasema.

"Pole sana, mwalimu. Aliteseka?"

"Dakika chache," akajibu. "Nilikuwepo."