Pale Alipolala Katekista

Ningemwambia paroko kwamba nina shamba la kulima, yangeishia hapo. Lakini aliponiomba niandike majina ya mahali pote katika parokia yetu, vilima, vijito na njia panda, nilikubali hata hajamaliza kueleza. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, na tangu nikipate kilikuwa hakijanifaa kitu.

Biashara ya mazao ilikuwa imefunguliwa kwa watu binafsi, malori ya wanunuzi wa mahindi yakitoka Sumbawanga mjini na kupotea vijijini kwetu. Paroko, mgeni wa huku, naye alipotea na pikipiki yake kila alipokwenda kumpaka mgonjwa mafuta.

"Andika watu wanavyosema," aliniagiza. "Usitunge."

Kazi ilikwenda vizuri hadi nilipofika kwenye tanuru la kale la kuyeyushia chuma, kando ya njia ya Mpui. Wazee walipaita Tanuruni. Wengine wote walipaita Alipolala Katekista. Katekista mwenyewe alikuwa kaka yangu. Siku moja, akitoka harusini na pombe ya ulezi ya kutosha kichwani, aliliegemea tanuru apumzike kidogo, akaamka jua limeshapanda.

Nilimkuta jirani yetu Msukuma akichunga hapo.

"Shikamoo mzee. Hapa panaitwaje?"

"Marahaba. Si unapajua?"

"Nataka uniambie wewe."

"Alipolala Katekista. Na aliyemwamsha ni ng'ombe wangu. Alimlamba sikio, mwenzako akaitikia 'Amina.' Andika na hiyo."

Hiyo sikuandika. Jina niliandika, nikicheka peke yangu njia nzima.

Paroko hakukijua kisa. Akazipa jumuiya ndogondogo za parokia majina yale, kisha akamkabidhi kaka yangu, msomaji wa matangazo, karatasi ya zamu za usafi. Jumapili kaka akasoma kwa sauti yake nzito:

"Wiki hii watakaofagia kanisa ni jumuiya ya Alipolala..."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Neno lilikuwa palepale.

"...Katekista."

Kanisa zima likainama kama linasali, ila mabenchi yalikuwa yanatikisika.

Baada ya misa alinisubiri nje.

"Mdogo wangu, ni wewe uliyeandika?"

"Ndivyo watu wanavyopaita, kaka."

"Watu walikuwa wanasema tu, wangechoka. Wewe umeandika."

Nikamwambia ni utani. Akanipa mgongo, akaenda zake. Aliacha ukatekista, akahamia Mwazye kwa wakwe zake. Nilimfuata huko mara nyingi. Shemeji alinikaribisha vizuri, akaniambia mumewe yuko shambani, na sote wawili tukamsikia akikohoa chumbani. Nikanywa uji, nikaaga, nikarudi.

Hakulegea. Alipougua aliagiza nisiitwe, na habari za kifo zilinifikia ameshazikwa. Nilikuwa na kaka mmoja tu, na tangu Jumapili ile hadi anakufa hakusema nami tena.