Mbunge Aliyemnasa Paka Mmoja Katika Ofisi Kumi na Moja

Haya ni ya kweli tupu. Wanaonifahamu gazetini wataguna, na wagune tu. Safari hii nina shahidi, tena mbunge.

Saa kumi na mbili asubuhi, mlango wa ofisi ya vitambulisho bado umefungwa, lakini mheshimiwa ameshafika. Ameinama kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, anavuta futi juu ya saruji ya njia ya mteremko inayopanda mlangoni. Dada yake mkubwa, ambaye ndiye msaidizi wake, ameshika daftari.

"Kwenda juu, sentimita arobaini na nane."

"Na mbele?"

"Mita moja na nusu."

"Mdogo wangu, hiyo si njia, hiyo ni paa."

"Dada, andika namba. Utani baadaye."

Kwa kimo hicho, njia ya mteremko ingepaswa kuwa na urefu wa karibu mita sita. Mlinzi anatoka kibandani akifuta macho.

"Shikamoo mama. Mnatafuta nini?"

"Marahaba. Natafuta pa kupita."

"Si hapo hapo?"

"Haya, kaa kwenye kiti changu, upite nikuone."

Dada anamhamishia mheshimiwa kwenye benchi, mlinzi anakaa. Anasukuma magurudumu mara tatu. Kiti kinarudi nyuma, kinatoka getini, kinavuka barabara na kwenda kusimama kituoni, kimejipanga foleni na abiria. Niliona kwa macho yangu.

Bungeni wenzake wanamwita Mama Futi. Wengine kwa mapenzi, wengine kwa sababu futi hiyo imewahi kuwapima. Miguu yake ilipooza akiwa na miaka sita. Shule ilikuwa juu ya ngazi kumi na saba, na kwa miaka saba alizipanda mgongoni kwa dada yake.

"Ndiyo maana huyu ni mfupi," anasema mheshimiwa.

"Mimi nilifupishwa na maneno yako, si uzito," anajibu dada.

Kilichomtoa kitandani alfajiri hiyo ni fundi cherehani mmoja wa jimboni kwake, mama wa watoto wanne anayetembelea kiti kama yeye. Bila kitambulisho, mama huyo hawezi kupata leseni ya kibanda chake. Amekwenda ofisini mara tano. Mara mbili wapagazi wawili walimbeba hadi juu, akaambiwa arudi siku nyingine. Mara tatu hawakuwepo, akarudi nyumbani.

"Kubebwa si kitu," fundi huyo aliniambia, sindano mdomoni. "Tatizo wananibeba huku wanazungumza mpira. Kama gunia. Gunia nalo angalau huulizwa limetoka wapi."

Sasa wizara ilikuwa imeleta taarifa bungeni: ofisi zote kumi na moja za mkoa zimejengewa njia za mteremko, ushahidi ni picha. Alhamisi taarifa ingepigiwa kura. Ikipita, faili linafungwa, na fundi cherehani atabaki na wapagazi wake.

Jumatatu, mheshimiwa alizitandaza picha zile kumi na moja kwenye meza ya kulia chakula. Kila moja ilipigwa kwa pembe yake. Dada ndiye aliyeleta chai, akachungulia.

"Huyu paka mbona yuko kila mahali?"

Paka mweupe, sikio moja limekatika nusu, amelala chini ya njia. Picha ya kwanza yupo. Ya nne yupo, amegeuka ubavu. Ya kumi na moja anajilamba.

Baadaye ilijulikana kwamba wizara iliwaagiza mameneja watume picha ya njia kabla ya Ijumaa. Mmoja tu alikuwa na njia. Kumi wakamwendea na kamera.

Mheshimiwa angeweza kwenda bungeni na paka wake tu akamaliza kazi. Hakufanya hivyo. Siku mbili zilizofuata, akianzia kwa yule mlinzi, alizunguka ofisi zote kumi na moja, futi mkononi. Nami nilizifikia zote, moja baada ya nyingine.

Alhamisi, waziri alimaliza kusoma, akaketi. Mheshimiwa akawasha kipaza sauti.

"Mheshimiwa Spika, naomba waziri atuambie, paka huyu ameajiriwa na nani? Maana amezindua ofisi kumi na moja peke yake."

Ukumbi mzima ulicheka, hata upande wa waziri. Mheshimiwa alisubiri wamalize. Kisha akasoma vipimo, ofisi baada ya ofisi, bila kupandisha sauti. Kumi hazina njia kabisa. Ile moja ya kwenye picha inamrudisha mtu alikotoka. Alipofika kwenye maneno ya fundi cherehani kuhusu gunia, kulikuwa kimya hadi nikamsikia mchwa akitafuna mguu wa kiti cha Spika. Mtu aliyekuwa akipandishwa ngazi mgongoni alikuwa amelisimamisha Bunge zima akiwa ameketi.

Taarifa ilirudishwa. Bunge likaazimia kwamba hakuna ofisi itakayohesabiwa mpaka mtu anayetumia kiti aingie mwenyewe, ahudumiwe, na atie sahihi. Wizara ina siku tisini.

"Nataka siku moja niistaafishe hii futi," anasema mheshimiwa. "Fundi wangu aingie, atoke, asiwe na la kusimulia. Iwe habari isiyofaa gazetini."

Nilimsomea simulizi hii ili aithibitishe. Nilipofika pale kiti kinapojipanga foleni kituoni, dada alikohoa: "Kiti kilirudi hatua mbili, mzee." Mheshimiwa hakucheka.

"Ulifika ofisi zote kumi na moja?"

"Zote."

"Ya saba, mlango wake wa mbele una rangi gani?"

"Kijani."

"Ya saba mlango wa mbele wameuziba kwa matofali. Watu wanapitia uani."

Nikakiri kwamba nilifika tatu tu, nyingine nilisimuliwa.

"Basi wewe na wale mameneja mmepikwa chungu kimoja," akasema, akanisogezea kiti chake cha akiba. "Kaniletee fomu kutoka ofisi ya saba. Bila kusimama."

Nikaenda. Uani kulikuwa na vidato vitatu, nikazunguka chini yake nikiita mtu anipandishe. Nilipoingizwa, kaunta ilinipita kichwa. Karani akauliza nani anaongea. Fomu ya dakika tano ilinichukua saa moja na nusu, viganja vikachubuka.

Mheshimiwa aliipokea, akaitazama mbele na nyuma, akaiweka kwenye faili.

"Pole, baba," akasema. "Bado ofisi saba. Kesho tunaondoka saa kumi na moja alfajiri."