Mizabibu Mitano kwa Kila Mwanafunzi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikiwa kijana wa miaka ishirini, nilisimama kwenye foleni ya vibarua mbele ya ghala la shamba la zabibu la serikali, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Tulikuwa tunagawiwa mikasi. Bwana Shamba Mkuu alipita na taa ya chemli, akampa kila mtu wake, na alipofika kwangu alisema, "Huu wa kwako. Ukiupoteza, utakatia meno."

Kulipopambazuka alinikuta kwenye mstari wangu. Alinitazama nikikata matawi mawili, kisha akaniambia, "Umeushika kama unamnyoa mbuzi." Wenzangu walicheka. Yeye hakucheka. Alichukua mkono wangu, akaushusha hadi karibu na shina, akanionyesha uvimbe mdogo pale jani linapoungana na tawi. "Hili ni jicho. Humo ndani kuna tawi la msimu ujao na zabibu zake. Unaacha macho mawili, unakata kidole kimoja juu yake, na unakata kwa mshazari, maji ya mti yamwagikie upande wa pili. Yakilidondokea jicho, linaoza."

Hiyo ndiyo kazi inayoitwa kupogoa, na nimeifanya kwa miaka inayokaribia arobaini. Wasomaji ambao hawajaiona huenda wakadhani ni kupunguza majani tu. Katika nchi za baridi mzabibu hulala wenyewe. Kwenye nyanda zetu za kati hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkasi ndio unaoulaza na mkasi ndio unaouamsha. Ukipogoa baada ya mvua za masika unavuna wakati wa kiangazi. Ukipogoa tena Novemba unavuna mvua zinapokaribia kwisha. Ukiacha kupogoa, mzabibu unajaza majani, na zabibu zinakuwa chache, ndogo na chachu.

Nilimaliza darasa la saba tu. Mengine niliyajua kwa kuuliza na kwa kusoma vijitabu vya kilimo ambavyo Bwana Shamba Mkuu alivitupa kila vilipoletwa vipya. Baada ya miaka kadhaa alinipeleka Chamwino kuwasimamia wakulima waliokuwa wameanza kupanda zabibu kwenye mashamba yao. Huko nilijifunza mambo mawili. La kwanza ni samadi: wafugaji walikuwa na marundo yake mazizini, na mtaro wa kupandia usiojazwa samadi ya kutosha hauzai kitu kwenye udongo ule. La pili ni mchwa. Mchwa hawaushambulii mzabibu wenye nguvu, hungoja udhoofu. Mkuu wangu wa Chamwino, Afisa Kilimo wa Wilaya, alikuwa akisema kila akikuta shina lililoliwa, "Usiniambie habari za mchwa. Niambie nani hakuja hapa mwezi uliopita."

Kutoka Chamwino nilichukuliwa na Bruda mmoja, mtu mrefu, mkimya, aliyekuwa akisimamia miradi ya shule ya wavulana ya Kanisa Katoliki iliyopo upande wa barabara ya kuelekea Chemba. Shule ilikuwa na ekari mbili za mizabibu. Zabibu zilipelekwa kwa masista, nao walizikamua kupata divai ya misa. Nilipofika nilitarajia kukuta vibarua. Bruda alinipeleka shambani saa kumi jioni, na nilichokikuta ni wavulana mia nne wamevaa kaptura, kila mmoja na mkasi wake.

Utaratibu wao sikuwahi kuuona kwingine. Kila mvulana aliyeingia kidato cha kwanza alipewa mizabibu mitano, nayo ilikuwa yake hadi amalize kidato cha nne. Aliipalilia, aliifunga kwenye waya, aliipogoa na kuivuna. Katika kupogoa kwake kwa mara ya kwanza hakuachwa peke yake: mvulana wa kidato cha tatu alisimama naye, mkono juu ya mkono, kama Bwana Shamba Mkuu alivyonifanyia mimi. Siku ya mahafali, kila anayemaliza alinirudishia mkasi mbele ya wazazi wake, na Januari niliutoa kwa mgeni pamoja na mizabibu ile ile.

"Kwa nini usiajiri watu?" nilimuuliza Bruda siku ile.

"Nikiajiri watu nitapata zabibu," alisema.

Baadaye nilielewa. Mvulana aliyekata jicho kwa uzembe mwezi wa tano aliona pengo lake mwezi wa tisa, mbele ya wenzake, na hakuna mwalimu aliyehitaji kumwambia kitu. Na kwa kuwa maarifa yalipita kutoka mkono hadi mkono, kazi yangu ilikuwa kuangalia tu. Kwa miaka mingi sikulazimika mimi mwenyewe kumfundisha mtu. Bruda alizeeka, akarudishwa kwenye nyumba ya shirika lake, na utaratibu uliendelea bila yeye.

Machi 2020 serikali ilifunga shule zote kwa sababu ya korona. Mabasi yalikuja kesho yake, na ilipofika jioni hakukuwa na sauti ya mtoto pale. Zabibu za msimu ule zilikuwa zimekwisha kuvunwa, nashukuru kwa hilo. Tatizo lilikuwa kupogoa. Mvua zilikuwa zinakatika, na vidato vya kwanza, ambao walikuwa na mizabibu yao tangu Januari tu, walikuwa wamepelekwa makwao kabla ya kushikwa mkono hata mara moja.

Mlinzi, mpishi mkuu na mimi tulipogoa ekari zote mbili. Mpishi hakuwa na watu wa kuwapikia, na alisema kukaa bure kunamtia mawazo. Alikuwa amechemsha majani ya kila mti aliousikia ukitajwa redioni, akajifukiza mvuke wake hadi akatoka vipele, na alifanya kazi amejifunga kanga usoni badala ya barakoa. "Tukifa," alikuwa akisema, "angalau wavulana watakuta pamefyekwa." Ilituchukua hadi katikati ya Mei. Mizabibu ilichipua. Nilijiambia kwamba sehemu ngumu imepita.

Mwishoni mwa Juni walirudi. Getini kulikuwa na ndoo za maji na sabuni, na mwalimu wa zamu akiwaelekezea kila mmoja kipimajoto kwenye paji la uso. Suruali nyingi zilikuwa zimepanda juu ya vifundo vya miguu. Ndahani, kiranja wa shamba, mvulana wa kidato cha nne kutoka Chemba, alinijia na sanduku lake bado begani.

"Shikamoo, Mzee Mwaluko. Nasikia mitano yangu imekufa."

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Mlinzi."

"Mlinzi kakutania. Nenda kaangalie."

Alienda hivyo hivyo na sanduku. Aliporudi alikuwa anajizuia kucheka. "Nani kaipogoa?"

"Mimi."

"Ule wa katikati umeachiwa macho matatu."

"Nilikuwa nimechoka, mwanangu."

"Angekuwa mmoja wetu, ungemwambia anamnyoa mbuzi."

Jioni ile wavulana wengi walitembea kwenye mistari, wakitazama kila mmoja ya kwake. Sikuwapa mikasi, nilidhani tungeanza Jumatatu. Jumatatu asubuhi niliitwa ofisini kwa Mkuu wa Shule, ambaye ni padre. Mwalimu wa Taaluma alikuwa kando yake na ratiba mpya.

"Keti, Mzee Mwaluko. Nina neno ambalo hutalipenda."

"Basi nilisikie nikiwa nimesimama, Padre."

Alitabasamu kidogo. "Vipindi vilivyopotea lazima vifidiwe. Saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni itakuwa masomo. Kazi za mikono zinasimama. Na pia hatuwezi kuwaweka wavulana wawili kwenye shina moja wakishikana mikono, wakati darasani tumetenganisha madawati. Ni kwa muda tu. Nitakupa vibarua wawili."

"Padre, wale wa kidato cha kwanza hawajapogoa hata mara moja. Wakiikosa na ya Novemba, mwaka kesho kutwa nani atawashika mikono wadogo zao?"

Mwalimu wa Taaluma ndiye aliyejibu. Alikuwa amesoma pale pale. Nilimpa mkasi mimi mwenyewe akiwa mtoto. "Mzee wangu, hata mimi nilikuwa na mitano yangu hapa. Ninajua unachosema. Lakini zabibu hazifanyi mtihani wa taifa."

Sitaki msomaji adhani walikuwa watu wabaya. Wazazi walikuwa wakipiga simu kila siku. Wengine walikuwa wamepoteza biashara zao na bado walilipa ada, wakitaka waone kwamba mtoto anasoma. Padre alikuwa na vidato vya nne ambao mtihani wao ulikuwa unakaribia. Saa za jioni zilikuwa saa pekee zilizobaki kwenye siku. Ningekuwa mimi kwenye kiti kile, sijui ningezitoa wapi nyingine.

Shule ilirudi katika hali yake polepole. Kwanza ndoo za getini zilikaukiwa maji na hakuna aliyezijaza. Kisha madawati yalisogezwa yakagusana kama zamani. Kwenye misa, ambako walikuwa wakitakiana amani kwa kuinama tu, siku moja kijana mmoja alimpa mwenzake mkono, na Jumapili iliyofuata wote walipeana. Mpira ulirudi, kwaya ikarudi. Kila kilichokuwa kimesimamishwa kwa muda kilirudi, isipokuwa saa kumi jioni.

Mavuno ya kiangazi yalifanywa na vibarua wawili. Zabibu zinapoiva, shamba linahitaji watu wengi wa kufukuza ndege tangu alfajiri, na hao hatukuwa nao. Ndege walikula sehemu kubwa. Wavulana waliwaona kupitia madirisha ya madarasa, na mwalimu mmoja aliniambia ilibidi afunge mapazia.

Mahafali ya mwaka ule yalifupishwa. Hakukuwa na zamu ya kurudisha mikasi. Ndahani alinifuata stoo baada ya sherehe, akiwa na baba yake.

"Mzee, nimpe nani?"

"Nipe mimi. Nitautunza."

"Siyo mkasi. Mizabibu."

Baba yake, mfugaji mwenye fimbo mkononi, alitutazama sisi wawili. "Kijana huyu nyumbani miezi mitatu alikuwa ananisumbua na mizabibu," alisema. "Anapogoa hata mti wa uani. Nikamwambia, baba, huu ni mwarobaini, uache."

Tulicheka wote watatu. Kisha nilimwambia Ndahani kwamba sijui nimpe nani, na hilo lilikuwa jibu la kweli.

Matokeo yalipotoka yalikuwa mazuri, mazuri kuliko ya miaka iliyotangulia. Kwenye mkutano wa wazazi mzazi mmoja alisimama akaomba masomo ya jioni yawe ya kudumu, na watu wakapiga makofi. Januari wageni wa kidato cha kwanza hawakupewa mizabibu. Mwaka uliofuata nilimwomba Padre jioni moja tu kwa wiki. Alikubali, kwa moyo mweupe kabisa. Nilitoa mikasi, nikawaita vidato vya tatu wawashike mikono wadogo zao, nao wakabaki wamesimama. Walikuwa ni wale wale waliopandishwa mabasi Machi. Mmoja aliniambia kwa heshima, "Samahani, Mzee, sisi hatukufundishwa." Nilianza kuwafundisha mmoja mmoja, mikono yangu miwili kwa wavulana mia nne, hadi kengele ikalia.

Mvua za mwaka ule zilileta ubwiri, ule ukungu unaotanda kwenye majani kama unga, na vibarua hawakuwahi kupuliza dawa mistari yote. Mashina yalidhoofu. Mchwa walikuja, na nikakumbuka swali la Afisa Kilimo wangu wa zamani, la kutaka kujua nani hakuja mwezi uliopita.

Kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu ilikuwa kusimamia kung'oa. Shule ilihitaji nafasi ya ukumbi wa kujisomea. Trekta lilivuta mashina kwa mnyororo, mstari baada ya mstari. Mwalimu wa Taaluma alikuja akasimama kando yangu, kisha akaanza kutembea akihesabu kutoka kona ya kisima. Alirudi baada ya muda.

"Nimeshindwa kuikumbuka mitano yangu," alisema.

Nilimwonyesha. Alisimama pale hadi trekta lilipofika, akasogea kulipisha.

Vijana wanaofanya kazi sasa huniuliza kama ilikuwa korona iliyoliua shamba lile. Huwaambia hapana, wakati wa korona lilipogolewa lote, na lilizaa. Lilikufa tuliporudi. Sote tulisikia neno "kwa muda", Padre alipolisema na mimi nilipolipokea, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza muda huo unaisha lini. Ukiunyima mti maji unauona unavyokauka. Kazi inayopita kutoka mkono hadi mkono haikauki hivyo. Inakosa zamu moja, mambo yanaonekana sawa, na siku unapoihitaji unakuta wavulana wenye heshima wamesimama na mikasi hawajui pa kukata.

Divai ya misa sasa inanunuliwa dukani mjini. Mizabibu iliyong'olewa ilikatwakatwa ikapelekwa jikoni, na shule ilipika kwayo kwa miezi miwili bila kununua kuni. Kwenye sherehe ya kuniaga Padre alisoma utumishi wangu wote, tangu siku niliyoletwa na Bruda, na akamalizia kwa kunishukuru kwa kazi hiyo ya mwisho, ambayo alisema imeiokolea shule shilingi laki saba na elfu ishirini za kuni.