Shuka Lililojaa Yoramu

Nakumbuka ile siku Mama Zuhura alipolifungua shuka langu magotini kwake, hapa Ipagala, Dodoma, akawa analigeuza huku na huku kama mtu aliyepoteza kitu. Mwanangu, wewe unayetaka kudarizi maisha yako kwenye kitambaa, sogea kwenye mwanga nikueleze alichokuwa anatafuta. Mimi shule niliishia la nne, kuandika kwangu ni kwa kubahatisha. Ila sindano naijua, na kuharibu kwa sindano nakujua zaidi.

Nyumba yetu kule Gulwe ilikuwa tembe, paa la udongo. Mvua zilipokaribia, mume wangu, Baba Neema, alikata nguzo za kulitegemeza, kisha akaenda Dodoma mjini kutafuta kibarua. Kazi ya kuzisimika akamwachia mdogo wake, Yoramu. Namtaja kwa jina, na akisikia asikie. Yoramu alizibeba zile nguzo akaenda kujengea zizi la mbuzi wake. Mama yao, Damari, alimwona anazibeba, akanyamaza, maana huyo ndiye kipenzi chake. Nilipouliza, Yoramu alinicheka.

"Shemeji, paa hilo lilikuwepo kabla hujaolewa. Litakuwepo ukishazeeka."

Mvua ikanyesha, udongo ukanywa maji ukawa mzito, na asubuhi moja nikiwa nakoroga uji paa likatushukia, mimi na mwanangu Neema. Jirani yetu Mama Zuhura, aliyekuwa na kiduka karibu na stesheni, ndiye aliyechimba kwa sufuria mpaka akaukuta mguu wangu. Mimi nikatoka mzima. Neema alipotolewa alikuwa ameshaondoka. Baba yake akayaamini maneno ya ndugu yake kuliko yangu, na ndoa ikaishia hapo.

Nikahamia Ipagala, nikajifunza kudarizi mashuka ya maharusi. Ndipo nikajiambia, moja litakuwa langu, watu waone nilichofanyiwa. Sikupima. Sikulikunja nipate katikati, sikuchora kwanza kwa penseli. Nilishika kalamu ya wino, ambayo haifutiki, nikamweka Yoramu katikati kabisa na nguzo begani. Kando yake zizi, mti kwa mti. Damari mlangoni, mkono mdomoni. Masharubu ya Yoramu nilishona na kufumua, nikashona na kufumua, mpaka yakawa yenyewe hasa. Nilikuwa bado kijana, na hasira ilikuwa inanikalisha kwenye kigoda kutwa nzima.

Basi Mama Zuhura akaja kunitembelea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Mama Neema." Wengine walishaacha kuniita hivyo. Yeye hakuacha.

Alipoliona shuka alicheka. "He! Huyu bwana umempamba kama bwana harusi! Ukilitandika hili kitandani si utalala naye?"

Nikanuna. Yeye akaendelea kugeuza, pindo hadi pindo. "Na mtoto yuko wapi?"

Nikamwonyesha kwenye kona: kilima kidogo cha uzi wa kahawia. Nafasi nyingine sikuwa nimebakiza.

"Hilo ni kaburi, mama. Mimi nimeuliza mtoto." Akalilaza shuka magotini. "Alikuwa anakuja dukani kwangu asubuhi na kikombe chake, hasemi kitu, ananitazama tu mpaka nimpe andazi. Lete kalamu nikusimulie alivyokuwa anasimama, umchore."

Nikamjibu, "Ngoja kwanza nimalize zizi."

Ndivyo nilivyosema, mwanangu. Hakubishana. Alimaliza chai yake, akaniombea dua, akarudi Gulwe. Na kabla zizi halijaisha nikaletewa habari kwamba amezikwa.

Siku nilipokaa hatimaye kumdarizi Neema, sindano ilisimama hewani. Picha hatukuwahi kumpiga. Yoramu naweza kumshona nimefumba macho, pamoja na kovu lake la kwenye nyusi. Neema, sijui tena kama nyusi zake zilikuwa nene au nyembamba. Nguzo Yoramu alizichukua. Nafasi ya mwanangu nilimpa huyo Yoramu kwa mkono wangu mwenyewe.

Sikwambii usamehe. Mimi sijasamehe, na Damari naye alizeeka akiwa amenyamaza vilevile. Ninachokwambia ni hiki: kabla hujatia uzi kwenye sindano, kunja kitambaa upate katikati, na hapo kwa penseli mchore yule unayeogopa kumsahau. Wafuate wanaomkumbuka wakiwa bado hai. Waulize alivyosimama, alivyocheka, alivyokuwa akidai chakula. Wakikwambia lete kalamu, acha yote, lete kalamu. Aliyekukosea mwandike na jina lake, ajulikane, lakini mpe pembeni, na uzi uliobaki.

Sasa nina shuka jingine. Neema yuko katikati, kikombe mkononi, anakwenda dukani kwa Mama Zuhura, na Mama Zuhura amesimama mlangoni anamngoja. Nimemdarizi kwa nyuma. Mgongo wake ukielekea stesheni ndio nilionao bado.

Nenda mwanangu. Mungu akupe macho yasiyochoka na mkono mtulivu, na siku utakapowadarizi watu wako, akujalie uwaone wamekugeukia.