Diski Kuukuu ya Wubshet, Mwandishi wa Maombi

Wubshet Alemneh alikuwa amewaandikia watu maombi ya mahakama kwa miaka kumi na tisa, na kazi hiyo ilimfanya asimwamini mtu. Alikaa chini ya mwavuli wa kijani mkabala na lango la mahakama, hapa Addis, laptopu yake juu ya meza ya kukunja. Mimi nilikaa hatua tatu kutoka kwake na mashine yangu ya fotokopi. Kutwa nzima alisikiliza ndugu wakishtakiana na majirani wakigombea kuta. Alipokuwa akikunja meza aliniambia, "Etagu, leo wamenidanganya watu saba."

Mwaka juzi laptopu ile ilichoka. Ukiiwasha, mteja alimaliza kueleza shida yake yote kabla haijafunguka. Wateja wakaanza kuhamia kwa waandishi wa upande wa pili. Wote tulimwambia aongeze memori na abadilishe diski, lakini yeye alikataa.

"Mule ndani mna siri za nusu ya mji huu," alisema. "Nikampe fundi azifungue?"

Alipokubali hatimaye, alikubali kwa masharti. Tungekwenda wawili, ili mmoja akienda msalani mwingine abaki anaangalia. Usiku wa kuamkia siku hiyo alifungua mfuniko wa nyuma mwenyewe, akaitia memori ya zamani doa la rangi ya kucha ya mkewe, isije ikabadilishwa.

Fundi tuliyeelekezwa alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, Tirsit, mwenye kibanda orofa ya pili ya jengo moja huko Megenagna. Alitukaribisha kahawa. Wubshet akasema hanywi, naye ni mtu wa vikombe vitano kwa siku.

"Gashe, kaa basi," alisema Tirsit, kwa neno letu la kumheshimu mwanamume aliyekuzidi umri. "Kazi yenyewe ni ya saa tatu hivi. Kuweka vifaa ni dakika chache, kunakili mafaili ndiko kunakokula muda."

"Tutakaa," alisema Wubshet. "Na diski ya zamani nitaondoka nayo."

"Ni yako. Nani atakunyang'anya?"

"Andika."

Tirsit akaandika risiti: memori moja, diski moja, diski ya zamani kurudishwa. Wubshet akaichukua, akaongeza kwa mkono wake doa la rangi ya kucha na skrubu kumi na moja, kisha akaweka sahihi na chini yake jina lake kamili na kazi yake. Tirsit aliisoma karatasi ile, akamwangalia usoni, akaisoma tena. Kuanzia hapo hakutania tena. Mimi niliona, na Wubshet naye aliona.

"Amebadilika," alininong'oneza. "Tazama mikono yake tu, usiniangalie mimi."

Mikono ilifanya kazi safi. Aligusa chuma kwanza ili umeme wa mwilini usiunguze kitu, akachomoa waya wa betri, akaingiza memori mpya kwa mshazari na kuibonyeza mpaka ikalia tak. Akatoa diski ya zamani, ile ya sahani inayozunguka, akaweka mpya iliyo bapa kama kipande cha biskuti. Kisha akaunganisha ya zamani kwa waya na kuanza kunakili.

Wubshet akasogeza stuli yake karibu na skrini.

"Boksi limeandikwa gigabaiti mia tano. Hapa naona mia nne sitini na tano. Thelathini na tano zimekwenda wapi?"

"Hazijaenda popote, Gashe. Kiwandani wanahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa elfu moja ishirini na nne. Diski zote duniani ziko hivyo."

"Jibu zuri," alisema Wubshet, kwa sauti anayowaambia wateja anaoamini kwamba wanadanganya.

Mchana tulikula injera na mchuzi wa shiro niliobeba kutoka nyumbani. Wubshet alikula bila kuinamia sahani. Ndiyo maana aliona alichokifanya Tirsit. Kunakili kulikuwa kumekwisha, Tirsit akisema anahakikisha kama herufi za Kiamhari zinasomeka. Lakini hakufungua faili lolote la juu. Alishuka moja kwa moja hadi kwenye folda ya mwaka 2007 kwa kalenda yetu ya Ethiopia, na mshale wake ukawa unatembea juu ya majina.

Wubshet akaifunga laptopu kwa kiganja.

"Unamtafuta nani?"

Tirsit alirudisha mikono mapajani.

"Nimekuuliza. Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Namtafuta mama yangu."

Akatueleza. Mama yake, Zenebech, alifariki miaka miwili iliyopita. Zamani jirani alijenga ukuta uliokata jiko lao, na mama akapeleka ombi mahakamani. Namba ya ombi imo kwenye daftari la mahakama, ila faili halionekani, na jirani sasa anasema mama aliridhia ukuta. Kinachotakiwa ni nakala. Mama hakuacha karatasi. Alikuwa akimtaja tu mwandishi wake, Wubshet.

"Mbona hukusema tangu asubuhi?"

"Ningesemaje, Gashe? Umehesabu hadi skrubu."

Mimi moyo wangu ulishalainika. Wubshet aliigeuza laptopu ili skrini aione yeye peke yake, akatafuta. Jambo ambalo zamani lingechukua robo saa lilikuja papo hapo. Akasoma kimya, kisha akaanza kumhoji.

"Baba wa mama yako aliitwa nani?"

"Bizuneh."

"Jirani?"

Akamtaja.

"Mama yako alikuwa na watoto wangapi?"

"Wawili. Mimi na kaka yangu."

Wubshet akafunga laptopu. "Etagu, tuondoke. Ombi linasema watatu."

"Hatujawahi kuwa watatu," alisema Tirsit. Machozi yalikuwa yakimlenga lakini sauti haikutetemeka. "Muulize mtu yeyote mtaani kwetu."

Wubshet alikuwa ameshasimama, begi liko begani. Akabaki amesimama hivyo muda mrefu. Nikadhani anatafuta neno kali la mwisho. Kumbe alikuwa anakumbuka.

Akakaa tena.

"Ni mimi," alisema. "Mtoto wa tatu niliongeza mimi. Mjane mwenye watoto watatu husikilizwa haraka kuliko mwenye wawili. Mama yako alikataa. Nilimwambia hiyo kazi aniachie mimi."

Feni za kompyuta za pale kibandani ziliendelea kuvuma. Mtu ninayemjua kwa miaka kumi na miwili kama mwindaji wa waongo alikaa akiangalia vidole vyake.

Siku ya pili yake alinipa ombi lile nilitoe nakala. Pamoja nalo alinipa karatasi nyingine, aliyoiandika mwenyewe: kwamba yeye ndiye mwandishi, kwamba mama alipinga ukuta tangu siku ya kwanza, na kwamba idadi ya watoto ilikuwa uongo wake, si wa marehemu. Nilimwambia, "Wubshet, hii itakuharibia jina hapa langoni." Akaniambia nibonyeze mashine.

Jina lilichafuka kweli. Waandishi wa upande wa pili walimwita Baba wa Watatu kwa miezi. Hakimu alimkaripia mbele ya watu, lakini alipokea nakala na faili likafunguliwa upya. Jirani alipoambiwa alete shahidi wa kuridhia kwa mama, hakumpata. Ukuta ulibomolewa baada ya Pasaka, na kaka yake Tirsit ndiye aliyebeba matofali.

Shukrani Wubshet hakuzitaka. Tirsit alipokuja na mkate mkubwa wa sherehe, Wubshet alimuuliza kwanza kama ana kesi nyingine. Bado ni mtu wa kushuku. Ila sasa, wateja wakipungua, hufungua maombi yake ya zamani moja baada ya jingine, akitafuta alichoongeza mwenyewe, maana laptopu inafungua kila kitu upesi, na hana tena kisingizio. Wiki iliyopita alipiga simu kwa mzee mmoja ambaye zamani, kwenye ombi, alimwandikia mguu uliovunjika.

"Mguu wako upi ulikuwa na shida?" nilimsikia akiuliza. Akasikiliza. Akaandika kitu kwenye karatasi, akageuza ukurasa, akaanza kutafuta namba ya mtu mwingine.